JINSI YA KUONGOZA MRADI WA CHAMA HATA UKAMILIKE

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Wajumbe, Watumishi na Wanachama wa vyama vya msingi, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama



 Miaka kumi si mingi katika umri wa mkorosho, kwa maana mkorosho wa miaka kumi ndio kwanza umeshika kuzaa vyema. Lakini katika umri wa chama cha ushirika miaka kumi si haba, kwani wengi wetu tumekwisha kuona vyama vilivyozaliwa kwa ngoma vikafa kimyakimya.

Bodi imetutaka tuseme machache juu ya namna ya kuongoza miradi. Tulipopewa kazi hii, tulidhani yafaa tutaje mambo mema tuliyoyatenda, ili sherehe ipate kupendeza. Lakini tulipofungua majalada ya ofisini tuliona kwamba makosa yetu ndiyo yaliyotufundisha zaidi. Tena, kwa kuwa Mkutano Mkuu ujao utaketi kuamua kama tujenge kiwanda cha kubangua korosho au tusijenge, haifai kabisa kuyaficha makosa hayo leo. Mficha maradhi kilio humfichua.

MRADI NI NINI?

Yafaa tuanze na maana ya neno lenyewe. Kupokea korosho kila msimu, kuzipima, kuziandikia stakabadhi na kuwalipa wenyewe, hiyo ni kazi ya kila mwaka, nayo haina mwisho maadamu Chama kipo. Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, yenye kusudi lake, fedha zake zilizohesabiwa, na siku yake iliyotajwa. Kujenga ghala ni mradi. Kulitumia ghala ni kazi.

Twalieleza jambo hili kwa sababu watu wengi huchanganya mambo haya mawili, wakaongoza mradi kwa desturi za kazi ya kila mwaka. Kazi ya kila mwaka ikikosewa msimu huu, huweza kutengenezwa msimu ujao. Lakini msingi wa nyumba humwagwa mara moja tu, na fedha za mradi hukusanywa mara moja. Zikiisha kazi ikiwa nusu, hakuna msimu mwingine wa kuzirudisha, ila kumwendea tena mkulima na kumwomba akatwe mara ya pili.

HABARI YA GHALA LETU

Katika mwaka wa tatu wa Chama, Mkutano Mkuu ulikubali kwamba katika kila kilo ya korosho ikatwe fedha kidogo ili tujenge ghala letu wenyewe. Sababu ilikuwa njema. Tangu mwaka 2007, ulipoanza katika mikoa hii ya kusini utaratibu wa stakabadhi ghalani, korosho hukusanywa kwanza, hupimwa na kupangwa madaraja, kisha huuzwa kwa mnada zikiwa ghalani. Sisi hatukuwa na ghala. Tulikuwa tukilipa kodi kwa wengine, na uchukuzi wa mbali juu yake.

Basi fedha zikakatwa, na shangwe ikawa kubwa. Lakini hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema ghala hilo ni la kuweka magunia mangapi. Wengine walidhani ni la vyama vyote, wengine la vyama vya karibu tu, na wengine walitaka pawe na ofisi na ukumbi wa mikutano humo humo. Ramani ilibadilishwa mara tatu, na kila ilipobadilishwa tulilipa.

Tuliteua kamati ya watu tisa kuisimamia kazi. Walikuwa watu waaminifu, lakini kila jambo lilipoharibika kila mmoja alimtazama mwenziwe. Saruji ilinunuliwa yote kwa siku moja kwa sababu bei ilikuwa nafuu, ikalazwa chini katika chumba chenye unyevu kabla msingi haujachimbwa. Mvua za Desemba zilipofika, mifuko mingi ilikuwa imekwisha kuwa mawe. Kuta zilianza kupandishwa wakati wa mavuno, siku ambazo kila kibarua yumo katika shamba lake. Mafundi walilipwa kwa hesabu ya siku, wala si kwa kazi iliyopimwa, basi siku zikazidi kuwa nyingi. Sakafu nayo ilimwagwa bila kutandikwa karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, na mtu yeyote ajuaye korosho ajua maana yake: gunia likinyonya maji, korosho huota ukungu, na daraja hushuka.

Na sisi wa ofisini tulikuwa na kosa letu, nalo twaliona kuwa kubwa kuliko hayo yote. Kwa muda wa miezi kumi na minne tuliandika katika taarifa zetu maneno yale yale: "Kazi ya ghala inaendelea vizuri." Hatukuandika hivyo ili tufiche wizi; hapana senti iliyopotelea mifukoni. Tulitumaini tu kwamba mambo yatatengenea kabla hatujaulizwa.

Katika Mkutano Mkuu wa mwaka wa tano, bibi mmoja mwanachama, mwenye mikorosho michache, alisimama akasema: "Wanangu, mimi taarifa zenu sizijui kusoma. Nataka kujua mambo mawili tu. Ghala hili litakwisha lini? Na siku hiyo ikipita, nimwulize nani?"

Ukumbi wote ulinyamaza. Hakuna katika meza kuu aliyeweza kumjibu, nasi tulikuwa pale tumeshika taarifa yetu mkononi.

Wanachama wapenzi, yote tutakayosema tangu sasa ni maelezo ya maswali yale mawili. Tumeona kwa macho yetu kwamba mradi usioweza kuyajibu umekwisha kuharibika, hata kama jiwe la kwanza bado halijawekwa.

JAMBO LA KWANZA: KUSUDI LIANDIKWE

Kabla ya kukata senti ya mkulima, kusudi la mradi liandikwe kwa maneno machache ambayo kila mwanachama aweza kuyarudia nyumbani. Isiandikwe "kuinua hali ya wakulima," maana hilo ni kusudi la Chama chote. Iandikwe kwamba twajenga ghala la magunia kadha wa kadha, mahali fulani, lipokee korosho kabla ya siku fulani, kwa fedha zisizozidi kiasi fulani. Mtu akija baadaye na shauri la kuongeza ukumbi, asikatazwe kusema. Bali aulizwe ukumbi huo utaongeza fedha ngapi na siku ngapi, na shauri lake lirudi kwa wale waliotoa idhini ya kwanza.

JAMBO LA PILI: JARIBU KIDOGO KWANZA

Msidhani kwamba makosa haya ni ya watu wa mashamba tu. Wazee wetu wa upande wa Nachingwea waijua habari ya mpango wa karanga, nao uliongozwa na watu wenye elimu kubwa na mali nyingi.

Mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na Bwana John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulitembea katika nchi kwa muda wa wiki tisa tu, kisha ukashauri zilimwe ekari 3,210,000, nyingi katika Tanganyika, na nyingine katika Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mashine nyingi zilikuwa kuukuu, mabaki ya vita, zikavunjika upesi katika visiki na mizizi ya pori. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu, hata karanga zikashindikana kung'olewa. Mvua nayo ni haba, na Ugogo ni nchi ijulikanayo kwa ukame tangu zamani. Walikuwa wametaraji kulima ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Wakapata kiasi cha 7,500. Kazi ilienezwa Urambo na Nachingwea, lakini Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika hesabu. Reli iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea ili kuchukua karanga ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara ndiyo iliyobaki, nayo leo husafirisha korosho zetu.

Walikosa nini? Fedha walikuwa nazo, na wataalamu walikuwa nao. Walikosa shamba dogo la majaribio, lililimwe misimu miwili au mitatu kwa mashine zile zile na katika udongo ule ule. Shamba hilo lingewaonyesha kwa gharama ndogo yale waliyokuja kuyajua kwa mamilioni. Lakini haraka ilikuwa kubwa, na ahadi zilikuwa zimekwisha kutolewa.

Tuwatazame sasa wale watu wa Rochdale, Uingereza, ambao ushirika wa dunia nzima huwahesabu kuwa wazee wake. Walikuwa watu 28, kila mmoja akaweka akiba pole pole hata ikatimia pauni moja, jumla pauni 28. Walifungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, wakauza siagi, sukari, unga na vitu vichache vingine. Duka lile dogo liliwafundisha kuuza duka kubwa.

JAMBO LA TATU: HESABU IWE NZIMA

Hesabu ya mradi haiishi kwenye jengo. Huanzia shambani na kuishia sokoni. Katika jambo hili tunao mfano wa hapa hapa kwetu, nao wahusu korosho.

Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kwa kutazama mavuno yale, viwanda vikubwa vya kubangua vilijengwa kwa mikopo katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini viwanda vilipokuwa vikijengwa, mavuno yalikuwa yakipungua. Wakulima walihamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Bei haikuwatia moyo. Na ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia katika maua. Kufika msimu wa 1986/87 nchi nzima haikupata hata tani 20,000. Viwanda vingi vilifungwa, na baadhi yake vikageuzwa maghala. Mashine zilikuwepo, kilichokosekana ni korosho za kutia ndani yake.

Kwa hiyo, yatupasa tuhesabu kila kitu: mali ghafi itoke wapi, ni nani atakayeendesha, ni nani atakayenunua, na nini kitatokea mavuno yakipungua nusu. Hesabu ambayo hufaulu tu mwaka wa neema haifai kukatiwa fedha za mkulima.

JAMBO LA NNE: MTU MMOJA AWE NA DHAMANA

Kamati ina kazi yake, nayo ni kushauri, kukagua na kuidhinisha. Lakini kazi ya kila siku itiwe mkononi mwa mtu mmoja, naye ajulikane kwa jina katika kila chama cha msingi. Apewe madaraka ya kutosha: aweze kukataa mchanga mbaya, na kusimamisha fundi asiyefuata ramani, bila kungoja kikao. Apewe na mpaka pia: matumizi yaliyozidi kiasi fulani yaende kwenye kamati, na yaliyozidi hapo yaende kwenye Bodi. Haya yote yaandikwe mapema. Mtu aliyepewa lawama bila madaraka ameonewa, na aliyepewa madaraka bila kuulizwa ametegwa.

Baada ya swali la yule bibi tulifanya hivyo. Bodi ilimteua msimamizi mmoja, mwanachama aliyekuwa fundi wa mawe kabla ya kustaafu. Kamati ya watu tisa ikapunguzwa kuwa ya watatu, wenye kazi ya kukagua tu.

JAMBO LA TANO: MAJIRA YAFUATWE

Mkulima hahitaji kufundishwa kwamba kila kazi ina majira yake. Salfa ya kuzuia ubwiri unga hupulizwa mikorosho inapochanua, miezi ya Juni hadi Agosti. Salfa ifikayo Oktoba, hata iwe ya bei nafuu namna gani, ni mzigo mtupu. Ajabu ni kwamba mkulima huyu huyu akiwa mjumbe wa kamati husahau jambo hili, akaanza kujenga siku mvua inapokaribia.

Msimamizi wetu alitengeneza jedwali la kazi katika karatasi moja. Upande mmoja aliandika miezi, na upande wa pili kazi zenyewe, akionyesha ni ipi haiwezi kuanza mpaka nyingine iishe: bati lisinunuliwe kabla ya ukuta kufika kimo, saruji iletwe kwa mafungu kadiri itumikavyo, na mwezi Novemba usimkute fundi juu ya paa. Aliacha pia siku za ziada na fedha za akiba kwa ajili ya yale yasiyojulikana. Tulipomwuliza kwa nini aweka akiba, alisema kwamba hajapata kuona nyumba isiyozidi hesabu.

JAMBO LA SITA: TAARIFA IWE YA KWELI

Hapa ndipo twaomba radhi tena, na hapa ndipo twataka kusema kwa mkazo zaidi. Neno "vizuri" lifutwe katika taarifa za miradi. Taarifa iseme mambo manne: kazi gani ilipasa iwe imekwisha leo, ipi imekwisha kweli, fedha ngapi zimetumika na ngapi zimebaki, na ni jambo gani lililo hatarini kuharibika. Mafundi nao walipwe kwa kazi iliyopimwa na kutiwa sahihi na mkaguzi, wala si kwa siku zilizopita.

Taarifa za ghala zilianza kubandikwa kila mwezi katika ubao wa kila chama cha msingi, na katibu wa chama akazisoma kwa sauti siku ya mkutano, ili asiyejua kusoma asikie. Taarifa ya kwanza ilikuwa chungu mno. Ilisema kwamba sakafu haifai, ni lazima ivunjwe na kumwagwa upya. Tulidhani wanachama watatufukuza, na kweli wapo waliotaka tufukuzwe, hatukuwalaumu. Lakini walio wengi walisema: "Sasa tumeambiwa, haya, ivunjwe." Ghala likafunguliwa katika mwaka wa sita, nalo ndilo hilo lililo nyuma ya hema hili, kavu.

Wajumbe wa Bodi nao wana wajibu wao. Mtumishi aletaye habari mbaya mapema asikaripiwe mbele ya watu. Akikaripiwa leo, kesho ataleta habari njema tu, nanyi mtaamini kazi yaenda hadi siku paa litakapoanguka.

JAMBO LA SABA: MWISHO NA MATUNZO

Mradi haukwishi siku ya kukata utepe. Hukwisha siku hesabu zitakapofungwa na kukaguliwa, na jengo kukabidhiwa kwa maandishi kwa mtu atakayelitunza, pamoja na fedha za kulitunza kila mwaka. Bati hupata kutu, mchwa hula mbao, na ghala lisilo na fungu la matengenezo laanza kufa siku lilipozaliwa. Hali kadhalika makosa ya mradi yaandikwe na kuwekwa katika jalada, ili watakaokuja baada yetu wasiyanunue tena kwa fedha za wakulima.

SASA JUU YA KIWANDA

Bwana Mwenyekiti, mwisho tuseme neno juu ya kiwanda, ambalo ndilo lililo moyoni mwa wengi. Shauri lenyewe ni jema. Korosho nyingi za nchi yetu zimekuwa zikiuzwa ghafi, na kazi ya kuzibangua pamoja na faida yake zikapatikana ng'ambo. Lakini twaomba Mkutano Mkuu usilikubali wala kulikataa kwa makofi.

Wanachama na waulize. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja tu ya korosho zilizobanguliwa. Je, hesabu imefanywa kwa kipimo hicho? Zilizo nzima zina bei kuliko zilizovunjika. Mikono yetu itavunja kiasi gani kabla ya kuzoea? Mafuta ya maganda huunguza ngozi. Glavu za mama zetu watakaobangua zimo katika makadirio? Mnada ukipandisha bei ya korosho ghafi, wanachama watakileteeni kiwanda korosho zao, au watazipeleka mnadani? Haya ndiyo yaliyovishinda viwanda vikubwa, nacho kiwanda chetu hakitaachiwa kwa sababu ni chetu.

Shauri letu sisi wa ofisini ni kwamba tuanze na mashine chache za mkono, katika chumba kimoja kando ya ghala, kwa misimu miwili. Msimamizi awe mmoja, na taarifa zibandikwe ubaoni. Tukifaulu tutajua tulichofaulu. Tukishindwa tutakuwa tumepoteza kidogo, na wakulima hawatauziwa ndoto kwa kukatwa katika kila kilo.

Yule bibi aliyetuuliza bado yu hai, na leo ameketi miongoni mwetu katika safu ya mbele. Hatutamtaja jina, maana hapendi. Lakini siku ya Mkutano Mkuu atakuja, nasi twajua atakaloliuliza. Basi yeyote atakayesimama kuutetea mradi huu, na awe amekwisha kuandika siku utakapokwisha, na jina la mtu wa kuulizwa.